Voahangy Rahelisoa, Mkamwana Aliyegoma Kuwa Mgeni

Jamaa, majirani wa kichochoro chetu, walimu wenzake na wanafunzi mliotoka mbali: leo Jumatano, tarehe 13 Novemba 2024, tumepanda kilima hiki cha kusini mwa Jinan kumlaza Voahangy Rahelisoa, mke wa Luan Shouren na mama wa Hasina. Maneno haya ni ya familia nzima, na anayeyasoma ni wifi yake, Luan Shouzhen. Ulimi wa Shouzhen mnaujua. Marehemu mwenyewe ndiye aliyeagiza asome yeye, akisema hataki kusifiwa kama picha ya ukutani. Aliishi katika nchi hii ya China miaka arobaini, na katika miaka hiyo alitaka jambo moja kuliko mengine yote: siku moja aamke katika mji huu asiwe mgeni.

Alizaliwa tarehe 14 Machi 1964 mjini Antsirabe, katika nyanda za juu za Madagaska, mtoto wa tatu wa Mzee Rakotoarisoa, fundi wa mitambo katika kiwanda cha nguo, na Bi Razafindravao, mshonaji. Antsirabe ni mji ambao maji hutoka ardhini yakiwa ya moto, na watu huyaendea na viungo vyao vinavyouma. Kwao wali huliwa asubuhi, mchana na jioni, na watu wakishamaliza kula, maji hutiwa kwenye sufuria yenye ukoko, yakachemshwa na kunywewa yangali ya moto. Tunalitaja hili kwa sababu litatufaa mbele.

Alisoma Antsirabe shule ya msingi na sekondari, akamaliza mwaka 1983. Septemba 1984 alipata ufadhili wa kuja kusoma China, akapelekwa Beijing kujifunza lugha kwa mwaka mmoja. Asubuhi yake ya kwanza alitoka kwenda kununua sabuni, akafika njia panda, akakuta baiskeli. Zilijaa barabara kutoka ukingo mmoja hadi mwingine, hakuna anayepiga kelele, kengele tu zinalia. Alidhani ni maandamano, akasimama kando kwa adabu yapite. Hayakupita. Walikuwa watu wanakwenda kazini. Alirudi bwenini bila sabuni, na mpaka uzeeni alipoisimulia habari ile alikuwa anashika kifua kama mtu aliyeiona jana.

Mwaka 1985 alihamia Jinan kusomea uhandisi wa nguo, akahitimu Julai 1990. Alipofika huku alilia, na waliomwona walidhani analilia kwao. Alikuwa analilia wali. Sisi watu wa jimbo hili la Shandong chakula ni mkate wa mvuke na kitunguu kibichi, na bwalo la chuo lilitoa wali mara chache, tena mkavu. Wanafunzi wengine wa kigeni walilalamikia maji ya moto yanayotolewa kila mahali hata wakati wa joto. Yeye aliyanywa akasema yamekosa ukoko tu.

Mungu alimpa sura iliyowachanganya watu. Sokoni walimwona kama msichana wa kusini, wa Yunnan au Guangxi, wakamwita mwalimu kama Jinan inavyomwita kila mtu isiyemjua, wakampunja mizani kama wanavyompunja kila mtu. Alifurahi kupunjwa. Lakini akifungua mdomo tu, lafudhi ikamsaliti, basi. Kiti kilivutwa, tunda likamenywa, mizani ikanyooka, na watu wakajipanga kumtazama. Mgeni ni kuku mweupe, na kuku yule hakuwa na pa kujificha isipokuwa kwenye ukimya.

Hivyo ndivyo alivyokutana na Shouren. Ilikuwa kiangazi cha 1988, kwenye chemchemi ya Heihu, ambako mji mzima huteka maji ya chai kwa ndoo na kamba. Voahangy alikuwa amependa chemchemi zile kuliko kitu chochote alichokiona China. Kwamba katikati ya mji wa moshi na mabasi, chini ya ukuta wa kale, maji safi yanachemka juu bila moto, baridi wakati wa joto, yakifuka mvuke wakati wa theluji, na mtu anakinga tu dumu lake: hilo hakulizoea kamwe. Siku hiyo wazee walipomsikia akisalimia, walimpungia mkono apite mbele, mgeni atangulie. Kijana mmoja aliyekuwa na madumu mawili akasema bila hata kugeuka:

"Mgeni naye ana miguu. Apange foleni."

Wazee walimkaripia. Voahangy alirudi nyuma akapanga foleni nyuma ya kijana yule, na alisema baadaye kwamba hapo ndipo alipomchagua mume. Mtu wa kwanza katika nchi nzima kumnyima upendeleo.

Baada ya masomo aliajiriwa na kampuni moja ya kuuza nguo nje, akitafsiri kwa wanunuzi waliozungumza Kifaransa, na kuanzia 2004 alifundisha Kifaransa chuoni mpaka alipostaafu mwaka 2019. Hapo jina la mwalimu likawa lake kwa haki. Nyumba yake ilikuwa kituo cha kwanza cha kila kijana wa kigeni aliyefika Jinan akiwa na sanduku na machozi. Wamo hapa leo, kutoka Laos, kutoka Lesotho, kutoka Ukraine. Wote aliwapa wali kwanza, ndipo akawauliza shida zao. Na wote aliwafundisha kushangaa. Reli ya mwendo kasi ilipofunguliwa mwaka 2011 alikata tiketi ya Beijing asubuhi, akala tambi pale stesheni, akarudi kulala kwake, kwa sababu tu njia ile ile mwaka 1985 ilimchukua kutwa nzima amekaa juu ya sanduku lake. Shouren alimwuliza alifuata nini huko. Alimjibu kwamba alikwenda kuona kama ni kweli.

Alifunga ndoa na Luan Shouren tarehe 18 Mei 1991, baada ya vibali vingi na subira nyingi zaidi. Tarehe 2 Oktoba 1994 Mungu akawajalia binti, Hasina. Na hapa ndipo anapoingia mama wa Shouren, Bi Gong Xiulan, ambaye kichochoro chote kinamwita Mama Gong, na ambaye leo hayupo kilimani hapa. Sababu ya kutokuwapo kwake mtaisikia.

Siku ya harusi Mama Gong alimketisha mkamwana wake kwenye kiti kinachotazama mlango. Kila mtu wa Shandong anajua kiti hicho ni cha nani. Ni cha mgeni wa heshima. Kichwa cha samaki huelekezwa kwake, na hakuna anayeinua kijiti cha kulia mpaka yeye ainue. Kwenye harusi, sawa. Lakini Jumapili iliyofuata alimketisha hapo hapo. Na iliyofuata. Jikoni hakuruhusiwa, bakuli hakuruhusiwa kulishika likiwa tupu. Alipojifungua, Mama Gong alimlea mwezi mzima kwa uji wa mtama na mayai, akamkataza maji ya baridi na upepo, na alishangaa kuwa mkamwana wa kigeni hakubisha hata kidogo, maana kumbe kwao nako mzazi hukandwa na kufunikwa hivyo hivyo. Mwezi ulipokwisha, kiti kikabaki kile kile. Na kila walipoaga jioni, Mama Gong alivaa viatu, akawasindikiza mpaka mdomo wa kichochoro, pale kijito kinapopita chini ya mierebi, akasimama akipunga mkono mpaka wapotee. Shouren alikuwa anapungiwa na mama yake mzazi kama mtu aliyeleta barua.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Kwetu jembe lilichelewa miaka kumi. Voahangy alimwomba mumewe aseme na mama yake. Shouren akamwambia heshima ile wenzake wanaililia.

"Wacha wailie," alisema. "Mimi nalilia vyombo vya kuosha."

Alidhani mama mkwe hamtaki, na adabu ile ni ukuta uliopakwa rangi nzuri. Aliumia, wala hakuwa mtu wa kuumia kwa siri. Alimweleza Shouzhen, wakiwa wawili wanangoja basi, kwamba atakufa katika mji huu akiwa bado anakaribishwa. Shouzhen alimcheka kwanza, kwa kuwa ndivyo alivyo, kisha akamwambia alichokuwa amekiona miaka yote.

"Wifi, hebu jitazame. Kila Jumapili unakuja na matunda mkononi. Unashukuru kila tonge. Unainama ukipita mbele ya Mama. Unaaga mmoja mmoja mpaka paka. Sasa Mama akufanyeje? Mgeni ndiye anayefanya hivyo. Mimi nimewahi kumshukuru Mama kwa chakula? Angeniuliza kama nina homa."

Basi lilifika likaondoka bila wao. Kwao, kuja mikono mitupu kwa mama mkwe ni tusi. Kumbe kwa miaka kumi wanawake wawili wenye malezi bora walikuwa wanapigana kwa adabu, kila mmoja akimngoja mwenzake ashindwe kwanza.

Mkesha wa Mwaka Mpya wa kalenda yetu ya kale, Januari 2001, alikuja bila hata chungwa. Aliketi kwenye kiti chake cha kutazama mlango. Zililetwa jiaozi, vile vibunda vya unga na nyama ambavyo Mama Gong huvifunga kwa mkono wake tangu asubuhi. Voahangy akala kimoja. Kisha akasema:

"Mama, leo chumvi imezidi."

Shouren alikodoa macho kwenye bakuli lake kama amedondosha kitu humo. Katika nyumba ile hakuna aliyewahi kuitia dosari jiaozi ya Mama Gong, na marehemu mumewe alikufa akiisifu. Mama Gong alimeza, akaweka vijiti chini, akamtazama mkamwana wake muda mrefu, kama mtu anayemwona ndiyo kwanza anaingia.

"Haya," alisema. "Mwakani fungeni wenyewe. Wewe na huyo mdomo wako."

Mwaka uliofuata wakafunga pamoja. Za Voahangy zilipasukia sufuriani zote. Mama Gong alimsema mbele ya watu kwa sauti ya kusikika nyumba ya tatu, naye akapokea masimango yale akitabasamu kama mwali anayevishwa dhahabu.

Wakati huo chemchemi zetu zilikuwa zimekauka. Wenye umri wanaikumbuka aibu ile, mji wa chemchemi unatazama mawe matupu. Voahangy alikuwa akipita chemchemi ya Baotu jioni akitoka kazini, akiegemea ukingo, akiangalia chini kama anayemwangalia mgonjwa. Kisha Septemba 2003, baada ya mvua kubwa, maji yakarudi. Mji mzima ulikimbilia huko, wengine na ndala za nyumbani. Mama Gong, aliyekuwa na miaka sabini, alimvuta mkamwana wake kwa kiwiko kupita katikati ya watu, akisukuma migongo, mpaka ukingoni. Maji yalikuwa yanapanda kutoka gizani chini ya ardhi, mafungu matatu, meupe, yakinguruma, kana kwamba hayakuwahi kuondoka. Watu wazima walikuwa wanalia, na Voahangy aliyezaliwa penye maji ya moto alilia kwa ajili ya maji ya baridi. Mama Gong hakumpa leso wala kumbembeleza. Alimpa mkoba wake amshikie, akainama kunawa uso. Kwa mgeni asingefanya hivyo, na Voahangy aliushika mkoba ule kwa mikono miwili mpaka nyumbani.

Mwaka Mpya wa 2004 walikuja kula wazazi wa mchumba wa Shouzhen. Mama Gong alitazama meza, akatazama watu, kisha akasema bila kubadilisha sauti: "Mama Hasina, toka hapo, wageni wakae. Wewe nenda mlangoni upokee sahani." Kiti cha mlangoni ndicho cha chini kuliko vyote, mgongo unapigwa na upepo na kila sahani inapita juu ya bega lako. Voahangy alichukua bakuli lake akazunguka meza kama mtu aliyepandishwa cheo. Jioni walipoaga, wageni walisindikizwa mpaka mdomo wa kichochoro. Voahangy, Shouren na mtoto walipoaga, Mama Gong alikuwa ameshaloweka miguu kwenye beseni. Hakuinuka. Alipaza sauti tu kutoka ndani:

"Vuta mlango!"

Hakusindikizwa tena maishani mwake, na kiti cha mlangoni kilikuwa chake kwa miaka ishirini.

Aprili 2023 aliugua tumbo, na madaktari wakagundua saratani ya kongosho. Alifanyiwa upasuaji, akapata nafuu ya mwaka, kisha ikarejea. Mama Gong, mwenye miaka tisini na mmoja, alipanda basi kila asubuhi na chupa ya uji, akimgombeza mgonjwa kwa kukonda. Hasina alipomwuliza mama yake angependa alale wapi, hapa au katika kaburi la wazazi wake Antsirabe, hakuchagua. Alisema: "Nizikwe na wale watakaosema mimi ni wao. Msiwaombe waseme." Alifariki Jumamosi, tarehe 9 Novemba 2024, saa kumi alasiri, mkono wake ukiwa katika mkono wa Shouren, akiwa na umri wa miaka sitini.

Juzi alifika kaka yake, Bwana Rivo, kutoka Antsirabe. Aliketishwa kwenye kiti kinachotazama mlango, na kiti cha mlangoni kikaachwa wazi. Alikuwa amebeba mkobani shuka la hariri la kuzikia, maana kwao aliyefia mbali hurudishwa akalale na wazee wake, na kumwacha ugenini ni jambo zito. Hakula. Alizungumza, na Hasina akatafsiri.

"Sikuja kugombana. Nataka kujua kitu kimoja tu. Dada yangu hapa alikuwa mgeni, au alikuwa wenu? Kama alikuwa mgeni, nipeni nirudi naye, kwa sababu mgeni hurudi kwao. Kama alikuwa wenu, mimi nitanyamaza."

Sote tulijua marehemu amekataza mtu yeyote kuombwa aseme. Mama Gong alikuwa ameshika fimbo yake, macho yako kwenye kiti kilichokuwa wazi.

"Mwambie huyu kijana," alisema, na kijana mwenyewe ana miaka hamsini na saba, "Jumatano mimi siendi kilimani."

Hasina alitafsiri, na uso wa Bwana Rivo ukakunjamana. Mama Gong akaendelea.

"Mwambie mgeni akiondoka, namsindikiza. Nimesindikiza wageni maisha yangu yote mpaka mdomo wa kichochoro, na fimbo hii bado inanifikisha. Mama yake naye, alipokuja huku kumtembelea binti yake, nilimsindikiza. Lakini mtoto hasindikizwi kaburini na mama yake. Kwetu haifanywi, haijawahi kufanywa. Huyo simsindikizi."

Baada ya hapo ndipo alipolia, kwa sauti, kama anavyolia mzazi, na hakuna aliyemzuia.

Bwana Rivo hakuhitaji kuelezwa mara mbili. Mambo ya wafu kwao wanayajua kuliko sisi. Aliinuka, akafungua mkoba, akalitoa shuka la hariri lililofumwa Antsirabe, akampa Mama Gong kwa mikono miwili, akainama kama dada yake alivyokuwa anainama zamani. Alisema, "Basi mvikeni ninyi." Ndilo hilo mnaloliona limefunga chombo chenye majivu yake, maana huku wafu huchomwa kabla ya kuzikwa; shuka lenye rangi ya udongo mwekundu wa kwao, na ndilo litakaloshuka naye.

Marehemu ameacha mume, Luan Shouren, binti, Luan Hasina, kaka, Bwana Rivo Rakotoarisoa, na ndugu wengine watatu Antsirabe, wifi, Luan Shouzhen, wanafunzi wasiohesabika, na mama, Gong Xiulan, ambaye saa hii yuko nyumbani kwake, mlango ameuegesha, anangoja tumwambie limekwisha.

Asubuhi tulipokuwa tunatoka, hakuinuka kitini. Alituagiza neno moja tumfikishie marehemu, nalo Shouzhen analifikisha kama alivyopewa.

Voahangy, Mama anasema vuta mlango. Upepo wa vuli ni mbaya. Lala, upo nyumbani.